Gavana wa Karungu na Mtoto wa Dolphine

Wasee, hii hamtaamini. Hata mimi nilimwapisha nyanyangu Jerusha mara tatu, simu mkononi, narekodi.

Kuna mtu alikosa kiti cha bunge la jimbo kwa sababu ya kubusu mtoto.

Mwaka ni 1963, siku zile za majimbo. Mahali ni Karungu, hapo ziwani.

Jerusha alikuwa msichana wa Kisii kutoka Rongo, ameolewa na Mjaluo wa Karungu anaitwa Cephas. Ndoa ikiwa na miezi miwili, Cephas akaenda kusoma Amerika.

Jerusha akamngoja miaka tatu. Miaka tatu! Analima shamba ya mama mkwe, anapika samaki, anasugua sufuria.

Jamaa akarudi na kofia na kiherehere.

Huko aliishi jimbo moja la mashambani, ng'ombe wengi kuliko watu, na akamfanyia kampeni mzungu mmoja aliyetaka ugavana. Basi akarudi akiitwa Gavana. Alijiita mwenyewe, hakuna aliyempa hilo jina. Kutembea, kigavana. Kukohoa, kigavana.

"Watu wa huku hawajui siasa," akamwambia Jerusha. "Mzungu wangu alikuwa anabeba mtoto, anambusu, anamsifu. Mama anatoa kura. Imeisha!"

Jerusha akashtuka. "Bwana yangu, huku usijaribu. Mtoto wa wenyewe hasifiwi hivyo. Watasema una sihoho, lile jicho la kugonjesha watoto."

"Wewe umefika wapi? Mwisho wako ni Rongo."

Siku ya mkutano wake wa kuomba kura, wageni wa chama wakatoka Kisumu na gari. Jerusha akawaletea samaki kwa sinia, miguu tupu, leso imejaa masizi.

Mgeni mmoja akasimama kumsalimia. "Huyu ndiye mama wa boma?"

Cephas akacheka. "Huyu? Huyu ni mpishi tu."

Mpishi tu.

Jerusha akaweka sinia, akatoka.

Sokoni, Gavana akapanda juu ya meza ya kuuzia samaki. Akaongea kwa pua mpaka nzi wakachoka. Kisha akaruka chini, magamba yamemshika suruali, akamnyakua mtoto wa Dolphine, jirani yao.

Mwah! Shavu hili. Mwah! Shavu lile.

"Mwoneni! Mnono! Mzuri! Hata Amerika sijaona mtoto kama huyu!"

Wamama wakaanza kufunika watoto wao na leso.

Hata dakika tano hazikuisha. Mtoto akajikunja, akalia, akatapika.

"Yawa! Sihoho!" Huyo ni Rispa, mama mkwe wa Dolphine. "Amemaliza mjukuu wangu!"

"Mama, tulia," Cephas akasema. "Ni tumbo tu."

"Na umejuaje ni tumbo?"

Gavana akaanza kuzungusha macho, anatafuta wa kumtetea.

Sasa shika hii vizuri. Asubuhi hiyo Jerusha alikuwa amepita kwa Dolphine kuomba sufuria. Akakuta mtoto anatapika. Dolphine alikuwa amemlisha samaki wa juzi, akamwomba Jerusha asimwambie Rispa, maana angefukuzwa.

Kwa hivyo Gavana hakuwa na kosa. Na hapo sokoni ni watu wawili tu walijua. Dolphine alikuwa anaangalia chini.

Cephas akamwona Jerusha nyuma ya watu. "Jerusha! Mke wangu! Waambie mimi sina jicho!"

Eti mke wangu.

Mgeni wa Kisumu akageuka. "Mke?"

Watu wakafungua njia. Rispa akamshika Jerusha mkono. "Nyar Rongo, binti wa Rongo, wewe unalala naye. Sema. Ana jicho ama hana?"

Neno moja tu. Neno moja na jina la Cephas linasafika.

Jerusha akajifunga leso upya.

"Mimi ni mpishi tu," akasema. "Mambo ya wakubwa siyajui."

Akaenda zake.

Kura zilipohesabiwa, za Cephas zilikuwa chache mpaka msimamizi akauliza kama kuna sanduku limesahaulika. Mtoto alipona kesho yake, akamaliza ugali ya watu wawili. Lakini kila Cephas akipita, wamama walificha watoto, mpaka akahamia Nairobi peke yake.

Nikamwuliza nyanya, "Na yule mzungu wa Amerika alishinda?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Alipigwa vibaya. Gazeti ya huko ilikuwa ndani ya sanduku ya safari ya Cephas. Nilisoma Standard Six kwa Wasabato, kizungu nilikuwa najua. Hakuwahi kuniuliza."

Yaani jamaa aliiga mtu aliyeshindwa, halafu akashindwa zaidi!

Somo ni moja: mtu umemkana mbele ya wageni, usimwite shahidi mambo ikichacha.

Lakini kuna kitu inanisumbua. Cephas alikufa akiitwa mtu wa jicho, na nyanya alijua si kweli.

Wewe ukiwa pale sokoni, umeshikwa mkono na Rispa, ungefungua mdomo?