Seli Isiyosikia Ngoma

Ipo siku moja ya masika, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hucheka peke yangu. Tulikuwa vijana wa kulima kwa zamu huku Urambo, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na ngoma ndiyo iliyotuongoza. Ikilia tunalima, ikibadili mlio, majembe chini. Siku hiyo wasichana walikuwa wakitutazama. Ngoma ilipobadilika wenzangu wakaacha, mimi nikaendelea kujionyesha, hadi nikaingia kwenye karanga za mama mjane wa jirani na kung'oa matuta mazima.

Mzee Maganga, mpiga ngoma wetu, hakunigombeza sana. "Nguvu unazo, kijana. Masikio huna. Sasa hizo nguvu zako nani atazila?"

Nikapanda karanga upya, wasichana wakinicheka.

Mwaka huu daktari aliponiambia nina saratani ya tezi dume, niliogopa, sikufichi. Bintiyo Nyamizi, na udaktari wake anaousomea, akanieleza taratibu.

"Babu, mwilini zipo protini za kupeleka ujumbe. Zinafika kwa seli iliyochakaa, zinagusa mlango wake, na seli inaanza kujivunja yenyewe ndani kwa ndani. Jirani zake wanamaliza masalia, kimya kimya. Seli ya saratani inaletewa ujumbe huohuo, haiutii. Inazidi kuzaana tu."

"Kumbe ni mimi kwenye karanga!" nikamwambia.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hili la saratani limegoma hata kufa. Sindano ninazochomwa zinazinyima seli hizo homoni ya kiume inayozilisha, na nyingi husalimu amri. Si zote. Lakini niliwahi, nalala vizuri, nakula ugali wangu na mlenda, na nina furaha.

Wewe je? Mkeo kaniambia unaamka kila mara kukojoa, mkojo wenyewe wa kukatikakatika, na umemkataza asiseme. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umeshavuka hamsini. Huenda si saratani, maana tezi huvimba tu kwa wengi, lakini wa kujua ni daktari, si aibu yako.

Jumatatu naenda kuchomwa sindano. Twende wote. Nesi akiuliza mgonjwa nani, mimi nitajibu langu, nawe ujibu lako.

Mungu akupe uzee mrefu kuliko wangu, mwanangu, na mimi anibakize niuone ukianza.