Tope la Mihogo

Nyumbani kwetu Ngokolo, Shinyanga, tulikiita tope. Bibi alichemsha michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kukaushwa juani, mpaka ikalainika. Kisha alimimina maji ya ukwaju, akatia karanga zilizotwangwa na sukari kidogo, akaviponda vyote kwa mwiko hadi sufuria ikajaa kitu kizito cha rangi ya udongo, kinachotoa mapovu polepole kama dimbwi linalopumua. Hakikuwa chakula cha kumkaribishia mgeni. Kilikuwa cha mtoto aliyelia, cha mtu aliyetoka kuumwa malaria, cha siku ya mvua. Bibi alikipika huku akicheka, kwa sababu kila mara mmoja wetu alichovya kidole na kujichora masharubu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja baba alipotuhamishia Geita. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na malori yaliyopita Shinyanga kuelekea magharibi yalijaa wanaume na sururu zao. Bibi alibaki. Mimi, mama na mdogo wangu wa kike mwenye miaka mitano tukaanza kuishi katika chumba cha udongo kilichoezekwa kwa turubai, na baba akawa anashinda chini ya ardhi, katika mashimo ambayo wachimbaji huyaita maduara. Tulimwona Jumamosi tu, ngozi yake imepauka kwa vumbi, akikohoa.

Niliogopa kila kitu pale. Niliogopa mashimo yaliyoachwa wazi nyuma ya nyumba, ambayo ukitupa jiwe ndani unasubiri na husikii kitu. Niliogopa asubuhi za baada ya mvua, watu walipokusanyika kwenye mdomo wa duara na kuita majina kuelekea chini. Lakini niliyemwogopea zaidi alikuwa mdogo wangu, kwa kuwa aliacha kula.

Hakuwa mgonjwa. Aliukataa ugali wa pale. Watu wa huko walikula ugali wa mihogo iliyovundikwa, mweusi kidogo, unaovutika, wenye harufu ambayo mdogo wangu alisema ni ya kitambaa kilichosahauliwa kwenye maji. Mama alibembeleza, akatisha, akabembeleza tena. Mtoto alifumba mdomo na kuutazama ukuta. Kila asubuhi, kabla hajaamka, nilikuwa nikikizungushia kifundo chake cha mkono kidole gumba na kidole cha shahada. Wiki ya kwanza vidole vyangu viligusana. Wiki ya nne kimoja kilipanda juu ya kingine. Sikumwambia mtu. Nilihisi kwamba nikisema, itakuwa kweli.

Mama akasafiri kwenda Chato kununua dagaa wa kuja kuuza, akasema atalala huko siku moja. Alituacha mikononi mwa jirani, mjane wa Kizinza mwenye shamba la mihogo lililoanzia uani kwetu hadi njia kubwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno mengi, aliyetutania tangu siku tulipofika. Asubuhi ile alituletea ugali wake, na mdogo wangu alipogeuza uso, jirani aliweka mikono kiunoni.

"Mtoto wa viazi wewe," alisema, "utakufa njaa katikati ya shamba la mihogo."

Alisema kwa mzaha, akaondoka akicheka. Mimi nilibaki na lile neno.

Mdogo wangu alianza kulia, si kwa kelele, bali kama mtu mzima, akifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Alisema anataka tope. Nikamweleza kwamba hatuna michembe. Akasema iko, ameiona.

Alinishika mkono akanipeleka nje. Kando ya njia, ukingoni mwa shamba la jirani, palikuwa na jiwe kubwa lililolala bapa, na juu yake ilikuwa imeanikwa mihogo iliyomenywa, myeupe, iliyopasuliwa katikati. Kwa macho ya mtoto wa Ngokolo haikuwa na tofauti kubwa na michembe. Kwetu, kitu kilichoanikwa juu ya jiwe ni chakula kilichomaliza safari yake: unakiokota, unakiosha, unakichemsha. Niliangalia huku na huku. Nikajaza shati langu vipande saba, nikavisogeza vilivyobaki ili pengo lisionekane.

Tukafunga mlango. Nilikuwa na sababu mbili za kuufunga: wizi, na wavulana wa pale, ambao wangeniona nimeshika mwiko wangenicheka mpaka mwaka uishe. Mdogo wangu alipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa na kutoa amri. Katakata vyembamba zaidi. Usitie kuni nyingi. Bibi hakorogi hivyo, anakoroga hivi. Ukwaju tulikuwa nao, na karanga pia. Bibi alitufungia katika mfuko siku tuliyoondoka. Moshi ulijaa chumbani, tukakohoa, tukacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuhame.

Mihogo ilipolainika niliiponda na kuonja. Nyuma ya ukwaju palikuwa na uchungu. Haukuwa mkali. Ulikaa mwisho wa ulimi, kama unapolamba ganda la dawa. Nilisimama na mwiko mkononi, nikifikiri, na mdogo wangu akauliza kama limeiva. Nikamwaga ndani ya sufuria sukari yote iliyokuwa kwenye kopo.

Nimeandika mambo mengi tangu wakati ule, na sentensi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Nilionja uchungu, nikaufunika.

Alikula bakuli zima, akalamba na mwiko. Mimi nilikula vijiko vichache tu, kwa kuwa nilitaka abakiziwe. Alijichora masharubu marefu mpaka masikioni. Nilimtazama nikawaza kwamba vidole vyangu vitarudi kugusana ncha tu.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa pili alipokuja kukaa kwenye kizingiti. Alisema kichwa chake kimekuwa kizito. Baada ya muda akasema miguu yake imelala. Nilimsimamisha, akapepesuka na kukaa tena, akatabasamu, kama kwamba miguu ilikuwa ikimtania. Halafu tabasamu likaondoka, na uso wake ukabaki bila kitu. Moyo wangu nao ulikuwa ukienda mbio kupita kiasi, na ulimi wangu haukuwa wa kwangu. Nilidhani ni woga.

Nilikimbia kwa jirani. Nilimkuta palepale nisipotaka kumkuta, amesimama kando ya lile jiwe, akitazama mihogo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone, nimeibiwa." Alikuwa akicheka. "Na mwizi mwenyewe ni mgeni. Mtu wa hapa hagusi mihogo ya kando ya njia."

Nikauliza kwa nini. Akanieleza kwa raha, kama mtu anayesimulia ujanja wake. Mihogo mitamu hupandwa ndani, karibu na nyumba. Ile michungu hupandwa pembeni, iwe ukuta, kwa sababu nguruwe wa porini wanaikwepa na wezi wanaijua. Hapo juu ya jiwe ilikuwa inanyauka tu. Kesho angeirundika, aifunike kwa majani ya migomba siku nne mpaka iote ukungu, aukwangue, aiponde na kuianika upya. Ndipo ingekuwa chakula.

"Na mwizi akiila hivihivi?" nikauliza.

"Basi hatarudi kuiba tena," akasema, akacheka mpaka akashika goti.

Nilifungua mdomo. Nikasema mdogo wangu anaumwa kichwa. Akauliza amekula nini, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema ugali. Akasema mtoto asiye na kitu tumboni lazima aumwe kichwa, nimpe uji wa chumvi, yeye atakuja baadaye. Niligeuka kwenda. Nilipiga hatua kama ishirini. Nakumbuka mistari ya matuta ya mihogo, nakumbuka sisimizi kwenye njia. Niliogopa kuitwa mwizi. Niliogopa mama atakaporudi, niliogopa mkanda wa baba siku ya Jumamosi. Na chini ya hayo yote nilisikia woga mwingine, mkubwa, usio na mwisho, kama jiwe lililotupwa ndani ya shimo.

Nikarudi. "Mama, tumekula ya kwenye jiwe."

Hakuniuliza mara mbili. Alitaka kujua nimekula kiasi gani mimi. Nikasema kidogo. "Na mwenzako?"

"Bakuli."

Sijawahi kuona mtu mzima akikimbia vile. Alipomfikia mdogo wangu pale kizingitini, alimtia kidole kooni, mtoto akamng'ata na kisha akalegea, hakikutoka kitu. Jirani akavua khanga yake ya juu, akamfunga mgongoni kama mtoto mchanga, tukashika njia ya zahanati. Ilikuwa mwendo wa saa nzima. Hapakuwa na gari. Malori yalipita asubuhi.

"Kaa nyuma yangu," aliniambia bila kugeuka. "Umwongeleshe. Asilale. Akilala uniambie upesi."

Nilitembea nyuma yao, nikiutazama uso wa mdogo wangu uliolala shavu juu ya bega la jirani. Macho yalikuwa yakifumba na kufumbuka. Sikujua niseme nini. Kichwa changu kilikuwa kikizunguka. Kilichonijia ni kile kile chakula.

"Unakumbuka tope la bibi?" nikasema. "Kwanza bibi anatia karanga."

Midomo yake ikasogea. "Maji."

"Anatia maji, halafu anatia dagaa."

"Hatii dagaa."

Nikaelewa. Nikaanza kulipika tope la bibi vibaya, kwa makusudi, nikikosea kila hatua, na yeye, kwa sauti iliyokuwa inapungua, akanisahihisha. Nilitia vitunguu, akavitoa. Nilikoroga kwa kijiko, akanipa mwiko. Nilisema bibi anapika amelala kitandani, na nikaona pembe ya mdomo wake ikitikisika. Nilisikia pumzi ya jirani tu na miguu yake ikipiga vumbi. Tulipita maduara ya upande wa kusini, wanaume wakasimama kutuangalia, mmoja akavua kofia. Nilimchukia kwa kuvua ile kofia.

"Halafu anatia pilipili," nikasema.

Hakujibu.

"Anatia pilipili nyingi. Anatia mchanga. Anatia viatu vya baba."

Macho yalikuwa wazi nusu, na hayakunitazama. Nilimshika mguu unaoning'inia. Ulikuwa wa baridi, na jua lilikuwa kali. Nikamwita jirani, lakini sauti haikutoka, nikavuta khanga.

Alisimama, akainama mbele ghafla ili kumteremsha, na kule kuinama ndiko kulikomkamua. Mdogo wangu alitapika mgongoni kwa jirani, kwenye nywele zake, kwenye khanga, kwa wingi ambao sikudhani mwili ule ungeweza kuubeba. Alitapika tena chini, ameshikwa kiuno. Tope lile lile, lenye rangi ile ile, harufu ya ukwaju. Halafu akalia. Kilikuwa kilio kibaya, cha hasira, na mimi nikakaa chini njiani nikalia pia.

"Inuka," jirani akasema. "Bado hatujafika."

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na tabibu mmoja, kijana. Alimwekea mdogo wangu maji ya mshipani, akanimulika macho hata mimi, akauliza amekula nini. Nilivuta pumzi ya kukiri. Jirani akatangulia.

"Mihogo ya kwangu," alisema. "Niliwapa mapema, haijavundikwa."

Tabibu alimgombeza. Alimwambia mtu mzima kama yeye, mwenyeji, alipaswa kujua. Jirani alisimama pale na matapishi yamemkaukia shingoni, akapokea maneno yote, akasema ndiyo, ndiyo. Hakuniangalia. Hata mama aliporudi kesho yake na magunia ya dagaa, alielezwa hivyo hivyo, na sikuwahi kusikia jirani akisimulia vinginevyo.

Mdogo wangu aliamka jua likizama, akaomba maji, kisha chakula. Muuguzi alimletea uji wa mahindi. Akaumaliza.

Nilidhani hofu ingeishia pale. Miezi miwili baadaye bibi alitutumia kifurushi cha michembe kwa lori, michembe yenyewe, ya viazi, iliyonuka jua la Ngokolo. Mama akaipika alasiri moja, na jirani akaitwa aje aonje hicho kitu cha Wasukuma. Alionja, akasema kweli kinafanana na tope, na kwamba angekuwa mwizi asingekigusa. Wote wakacheka. Mama akapakua bakuli la mdogo wangu.

Nikalichukua kutoka mikononi mwake. Nikala vijiko vitatu, nikaliweka chini ya kiti changu, nikakaa. Mama akauliza nina wazimu gani. Nilikuwa nikisikiliza ulimi wangu, miguu yangu, moyo wangu. Mama akanyoosha mkono alichukue.

"Mwache, mama," mdogo wangu akasema. "Anaogopa."

Akakaa sakafuni mbele yangu, kijiko mkononi, akinitazama usoni, akisubiri nimalize kusikiliza.