Nimerestart kompyuta yenye sauti ya marehemu baba huku radi inapiga, hadi sasa sielewi nimefanya nini

Wakuu, poleni na majukumu. Hiki kimetokea sebuleni kwetu Iguguno na sijakitia chumvi, maana hata kilivyo kimenishinda kukielewa.

Nyumbani tuna desktop aliyoiacha mzee. Iko slow balaa. Ukifungua folder, unaweza kwenda kuteka maji ukarudi bado inafikiria.

Humo ndani kuna sauti ya baba. Alijirekodi akieleza ukoo wetu kwa Kinyiramba, na haipo popote pengine. Mama hakuwa anajua. Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kumsikilizisha.

Juzi mchana nikasema niirestart kistaarabu. Nikafunga program zote, nikaingia kwenye menyu, nikabonyeza Restart. Sio kuchomoa waya kama tulivyozoea.

Ikaanza update. Ikaandika nisizime, asilimia zinapanda kwa kujivuta.

Mara radi ikanguruma.

Watu wa huku mnajua. Radi ikianza, umeme unazimwa na vioo vinafunikwa. Mama akatoka jikoni na khanga mbili, moja akafunika kioo cha ukutani, nyingine akafunika screen. Kwake kinachong'aa chote ni kioo.

"Zima hiyo mashine."

"Mama, imeandika isizimwe."

"Imemwandikia nani? Radi inajua kusoma?"

Nikizima katikati ya update, mafaili yanaweza kupotea. Nikiacha, radi inaweza kuunguza kila kitu. Ikabidi niseme ukweli, "Mama, sauti ya baba imo humo."

Akaiondoa khanga kwenye screen, akakaa. Tukawa tunatazama asilimia, radi inapiga, midomo yake inacheza kwa sala.

Wakuu, ikamaliza! Ikawaka, tena nyepesi kuliko zamani. Nikafungua ile sauti. Baba anataja mababu, anacheka kile kicheko chake. Mama kashika shavu, machozi yanamtoka. Na mimi nililia, sifichi.

Halafu ndani ya rekodi kukasikika ngurumo. Baba akakatisha maneno, akamwita mama aliyekuwa jikoni siku hiyo: "Zima umeme, radi hiyo!"

Mama akainuka kama kaitwa kweli. Akaenda moja kwa moja kwenye main switch, akakata.

Screen ikazima, sauti ya baba ikakatikia hapo.

Sikujua nicheke, nilie au nigombe. Yeye kwa upole kabisa akaniambia, "Si umemsikia mwenyewe?"

Hadi leo sijaiwasha. Nikifikisha kidole kwenye power button, narudisha. Nikikuta haiwaki je?

Funzo: kabla ya kurestart, kitu usichoweza kukipata tena kihamishie kwenye flash kwanza. Na uchungulie mawingu.

Wataalamu, niiwashe tu au nichomoe kwanza hard disk? Wa kunicheka wacheke, ila nijibuni, maana kila mara mama ananiuliza baba ataongea lini tena.