Vitunguu Mbele ya Jopo

Mpaka leo nikikutana na mhandisi mwenye tai pale Iyunga, nacheka kimoyomoyo. Nawajua hawa! Nimesoma nao chuo hapahapa Mbeya, na najua projekti zao za mwaka wa mwisho zilitoka wapi: stoo ya karakana. Unachukua mashine ya waliomaliza, unaipiga rangi mpya, unaipeleka mbele ya jopo. Eti utafiti.

Mimi na mwenzangu, binti wa Iringa, tukajifanya wabishi. Tulitengeneza ya kwetu, mashine ya kukaushia vitunguu, tukaipeleka Ruaha Mbuyuni kwa mkulima aliyekubali tuijaribu. Vitunguu vikakauka nje vizuri, ndani vikaoza. Tukaandika hivyohivyo: vimeoza, joto lilizidi.

Msimamizi wetu akakunja uso. "Utafiti haufeli bwana. Rekebisheni hizo namba."

"Mwalimu, vitunguu vimeoza," mwenzangu akamjibu.

Basi, tukafelishwa. Wapaka rangi wakapita wote, hata wale ambao mashine yao haikuwashwa kabisa. Msimamizi alilitangazia jopo kwamba umeme umekatika, na feni inazunguka juu ya kichwa chake. Mtu mzima, hana hata haya!

Mwenzangu alilia sana. Kwao mama alishashona nguo ya mahafali na kanisa zima lina habari. Tukirudia tukafeli tena, chuo ndiyo basi. Nikamwambia tuchukue mashine stoo, tununue kopo la rangi, yaishe. Akanisonya. Msimu uliofuata akarudi Ruaha Mbuyuni, nami nikamfuata nikinung'unika njia nzima. Tukapunguza joto, tukaongeza feni, tukasubiri. Safari hii vitunguu vilitoka vigumu, vikavu, maganda yanalia ukivishika.

Tukavimwaga mezani mbele ya jopo. Unadhani kuna aliyegusa hata kimoja? Thubutu! Msimamizi alifungua ripoti ya mwaka jana, akafungua ya mwaka huu, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kuigiza.

"Mwaka jana vilioza, mwaka huu hakijaoza hata kimoja. Hapa mmepika data."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Wangetupitisha kwa alama ya chini kabisa, wakasema, wasituone tena, ila kwanza mmoja wetu aombe radhi kwa udanganyifu. Mimi nilibana mdomo, mijitu ile nisingeipa neno. Mwenzangu akanitazama, akaona sisimami. Akasimama yeye, akawaomba radhi kwa vitunguu ambavyo havikuoza.