Kufuli Juu ya Sauti ya Mama

“Mama, kama hiyo imechoka, chukua nyingine.”

Mzee wa studio alisema hivyo huku akinisukumia CD juu ya meza. Mpya, bado imevaa plastiki yake, ya kwaya ileile ya kanisa letu, yenye kufuli lilelile. Nilikuwa nimetoka Malvern mpaka Doornfontein, hapa Johannesburg, nimebadilisha taksi mjini na kusukumwa na watu, ili nimweleze kwamba CD yake haifunguki kwenye mashine yoyote. Na yeye dawa yake ni kuniuzia ugonjwa mwingine.

Nikapiga meza mpaka chai yake ikamwagika.

“Papa, unamfungia nani?”

“Utulie kwanza, mama. Mimi niko nalinda msanii.”

“Msanii ni mama yangu. Amekufa. Sasa unamlinda na nani? Na mimi?”

Akavuta mkono wa shati, akafuta chai, pole pole, kama mtu anayetafuta maneno chini ya meza. Ni mtu wa Lubumbashi, na watu wa kule hata wakikunyima kitu wanakunyima kwa heshima.

“Pole sana, binti yangu,” akasema. “Lakini kufuli ni kufuli.”

Nieleze nilichokuwa natafuta, maana hata mume wangu alidhani nagombana kwa ajili ya muziki. Muziki umejaa kwenye simu, nani atapigana kwa ajili ya muziki? Mimi nataka neno moja. Liko katikati ya wimbo wa tatu, pale gita zinapoanza kukimbia na kwaya inanyamaza ipumue. Hapo mama yangu anasema jina la binti yangu.

Kwetu Wakongo wimbo hauendi bila majina. Mwanamuziki wa baa anataja mwenye duka, anataja bosi, anataja na mrembo wa bosi. Tunaita kutupa libanga, yaani jiwe: unarusha jina, linampata mwenyewe kifuani, anainuka kukutunza. Kanisani ni mwiko. Kiongozi wa kwaya alikuwa amekwisha kuonya kwamba atakayetupa jiwe ndani ya nyimbo za Bwana atalifuata hukohuko nje. Lakini Mama alikuwa na akili zake. Jiwe lake akalivalisha nguo ya maombi. “Bwana, umkumbuke,” akasema, kisha akalitaja jina, gita zikalibeba, wakaendelea.

Walipomaliza kurekodi, kiongozi akamfuata.

“Mama, huyo uliyemwombea ni nani? Kanisani kwetu hatuna mtu wa jina hilo.”

“Yuko njiani.”

“Anatoka kwetu Uvira?”

“Karibu na hapo,” Mama akajibu, akaniangalia tumbo.

Nilikuwa nimekaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, tumbo limenitangulia kama mzigo wa mkimbizi. Hakuna aliyekuwa ameniambia lolote. Hivyo ndivyo nilivyojua mtoto wangu ataitwa nani: nilisikia kwenye spika, pamoja na wapiga gita.

Mama alimbeba mtoto mgongoni, akamwimbia, akamtania kwamba ana miguu ya mwanajeshi. Halafu kabla mtoto hajaanza kutambaa, kifua kikamzidi Mama, akaenda. Binti yangu hana kumbukumbu yake hata moja. Ana picha. Picha haiiti mtu.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Ni la Kifuliiru, lugha ya kwetu, na lina irabu katikati inayovutwa kidogo, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya mto na hana haraka. Shuleni mwalimu analipiga mwanzoni na kuuacha mkia ufe. Na mtoto naye amechukua hivyohivyo. Akijitambulisha kwa watu, analitamka kama mwalimu. Nikimrekebisha, ananiambia kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba mimi ndiye ninayekosea. Eish! Jina lililotoka kinywani mwa bibi yake, ananifundisha mimi.

Na ukweli ni kwamba hata mimi silipatii. Nililetwa Johannesburg nikiwa mdogo, sekondari yangu yote niliisoma hapa, Kifuliiru nilikuwa naambiwa tu nikikosea. Ulimi wangu umeshapita robot nyingi, taa za barabarani za hapa. Nikijaribu kuivuta ile irabu, nasikia mwenyewe kwamba ninaigiza. Mama alikuwa haivuti kwa kukusudia. Ilikuwa inajivuta.

Basi redio yake ilipokuwa hai hatukuwa na shida. Ilikuwa redio ya CD yenye mpini, aliinunua kwa Mnigeria wa Jules Street, na hiyo peke yake ndiyo iliyoielewa CD ya kwaya. Jumapili tukitoka kanisani, naweka wimbo wa tatu. Mtoto alikuwa bado mdogo, akifika pale anaacha kuchezea viatu, anainua kichwa, ananiuliza kwa Kizulu cha crèche, shule yake ya watoto wadogo: “Ubani lo?” Ni nani huyo?

“Ni koko wako, bibi yako,” namwambia. “Anakuita.”

Anaangalia mlango.

Sijui niseme nini zaidi kuhusu jambo hilo. Alikuwa anaangalia mlango, nami pia nilikuwa naangalia.

Kisha jicho la redio, lile linalosoma CD, likaanza kuchoka. Wimbo unaanza, unakwama, unajiruka. Nikashika simu, nikairekodi karibu na spika. Sauti ya Mama ikatoka kama yuko ndani ya ndoo, na katikati ya jina lenyewe taksi huko chini barabarani ikapiga honi. Nikasema nitarudia siku ya utulivu. Siku ya utulivu haikufika. Simu ikanyakuliwa kwenye robot, nikiwa nimemshika mtoto mkono, na redio nayo ikafa.

Nikaanza kuzunguka. Jules Street yote inanijua sasa kama mama wa CD. Mtu anakutolea deki, anaiweka, inazunguka, inazunguka, halafu inaitema. Anaweka CD nyingine kuonyesha deki ni nzima, inaimba bila wasiwasi.

“Sister, hii CD yako ina kiburi,” mmoja aliniambia.

“Si kiburi, ina kufuli.”

“Basi tafuta mwenye funguo.”

Mume wangu analinda mlango wa jengo moja Sandton, akaipeleka kwa Mkenya wa kompyuta anayefanya kazi ghorofani. Yule kijana alihangaika nayo kweli, mchana wake wa chakula wote ulikwisha. Ukiiweka kwenye laptop, nyimbo hazionekani. Inafunguka picha ya studio na kisanduku kinachodai namba ya siri, na programu yake ni ya zamani, kompyuta za leo haziitambui. Akatafuta njia ya kuzunguka, akafanikiwa kunakili. Mume wangu akarudi nyumbani anatabasamu, nikavaa spika za masikioni. Ilikuwa sauti ya mafuta yanayokaanga samaki. Wimbo wote, mafuta. Chini kabisa ya mafuta kama kuna watu wanaimba, lakini huwezi kusema ni nani.

“Jamaa anasema hiyo kelele imewekwa makusudi,” mume wangu akaniambia. “Ukinakili, ndiyo unayopata. Anasema pole.”

Nikageuza jalada la CD. Nyuma, kwa herufi ndogo, kwaya yetu iliandika: Ni marufuku kunakili. Mungu anaona.

Na anione. Anione vizuri. Nimenunua, nimelipa, nimeitunza isipate hata mkwaruzo, na siwezi kuisikia. Mwizi angekuwa anaisikia. Ningekuwa nimenunua ya wizi pale kwenye kona, leo mtoto wangu angekuwa anajua anaitwa nani.

Hiyo ndiyo hasira iliyonipeleka Doornfontein, na ndiyo iliyomwaga chai.

Mzee wa studio alinivutia kiti. Akaketi na yeye.

“Unajua nani alidai kufuli?” akaniuliza.

“Wewe.”

“Mimi? Mimi sikujua hata kama kitu hicho kipo.”

Akanisimulia. CD ya kwanza ya kwaya ilikuwa wazi. Wiki chache tu baadaye nakala zake zilikuwa zimetandazwa chini Jules Street, na jalada lake limepigwa picha vibaya, limekatwa pembeni. Aliyekatwa kichwa kwenye hilo jalada alikuwa mama yangu. Akainunua nakala hiyo ya wizi, akaja nayo mpaka hapa, akaitupa juu ya meza hii niliyoipiga.

“Alisema, ‘Papa, wafungie hawa. Funga kabisa. Hata mtoto wangu mwenyewe asikopi, anunue.’” Mzee akacheka peke yake, kisha akaona uso wangu, akaacha. “Alisema hivyo, mama. Hata mtoto wangu. Tukatafuta mtu wa kufunga, tukafunga.”

Nilitaka kumwambia anadanganya, lakini nilimsikia Mama. Ni yeye kabisa. Ni mwanamke aliyekuwa akimkimbiza muuza nyanya aliyemwekea mbovu chini ya nzuri. Ningeweza hata kukuonyesha mkono wake ulivyokuwa umekaa kiunoni. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike nilimkasirikia waziwazi, kama zamani tulivyokuwa tukikasirikiana jikoni, na hasira hiyo ilinifaa kuliko pole zote nilizopewa msibani. Nilitamani angekuwepo tugombane mpaka majirani wagonge ukuta. Kwamba Mama, wewe na akili zako hizo. Ulifikiri mimi nitakusikiaje?

“Basi nifungulie wewe,” nikamwambia mzee. “Nyimbo zenyewe unazo?”

“Ninazo, safi kabisa. Lakini si mali yangu, ni ya kwaya. Niletee barua ya kamati.”

“Kamati gani? Kiongozi amechukuliwa Australia na watu wa wakimbizi. Mweka hazina yuko Kanada. Mama yangu unajua aliko.”

“Basi ya kanisa. Mihuri ya kanisa haijaenda Australia.”

Jumapili nikamngoja mzee wa baraza mlangoni mwa kanisa. Nilimweleza yote nimesimama, mtoto ananivuta sketi anataka kwenda. Akanisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, akanishika bega.

“Mama, jambo hili tuliombee kwanza.”

“Tumeliombea, baba mzee. Sasa tuliandike.”

“Unataka kushtaki kanisa lako?”

“Nataka kanisa langu lijibu.”

Pale kwetu shida ya mwanamke huwa inaombewa mpaka anaisahau mwenyewe. Yangu nikaiandika saluni ninakosuka, kati ya kichwa na kichwa, vidole vikinuka mafuta ya nywele, na katibu wa baraza nikamfanya aipokee mkononi na kunigongea muhuri kwenye nakala. Jibu bado nalingoja, lakini hivi ndivyo nilivyoandika:

Kwa Baraza la Wazee. Mimi ni mshirika wa kanisa hili na mtoto wa marehemu mama aliyeimba kwenye kwaya yenu. Nalalamika rasmi kuhusu CD ya pili ya kwaya, ambayo mliiuza mlangoni mwa kanisa na mimi niliinunua hapo. CD hiyo ina kufuli ambalo halizuii wizi tu, linazuia pia mwenye mali asisikie mali yake. Redio zinazoikubali zimekwisha sokoni. Studio inasema iko tayari kunipa wimbo ulio wazi mkiiandikia, kwa hiyo sababu ya kukataa hamna. Najua kwamba kufuli aliliomba marehemu mwenyewe. Alikosea, na kwa kuwa hayupo kusahihisha, nasahihisha mimi, mrithi wake. Mkiogopa nitauza, niiteni niape mbele ya kanisa zima. Ninachodai ni wimbo wa tatu peke yake, bila kufuli, kwa ajili ya mtoto wangu ambaye anakuwa mkubwa na analizoea jina lake likiwa limevunjika. Zipo familia nyingine ambazo watu wao wamekufa au wamehama na sauti zao zimo humohumo. Mziulize na zenyewe. Sihitaji kutembelewa wala kuwekewa mikono kuhusu jambo hili. Nahitaji barua yenu kwenda studio, yenye muhuri, na jibu langu kwa maandishi.