Nilimwandikisha Mdogo Wangu Kwenye Mkataba wa Nyumba, Sasa Amenivunja Mkono

Admin, jina langu lifiche kabisa, na kanisa letu pia usilitaje, maana Wakenya wa huku tunajuana. Mimi ni dada wa miaka thelathini na sita, sina mume wala mtoto, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee hapa Minnesota. Naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine uko kwenye plasta, na aliyeuvunja ni mdogo wangu, tumbo moja, ziwa moja.

Nyumba yenyewe niliitafuta sana. Nilikuwa nimechoka kuishi mitaa ya mbali ambako hata mkate huupati bila kuwasha gari. Nikapata apartment katikati ya Saint Paul, mjini kwenyewe, kwenye jengo la matofali ambalo zamani lilikuwa ghala. Madirisha makubwa, dari iko juu kabisa, treni inapita ikipiga kengele, chini kuna baa yenye bendi na ng'ambo ya barabara kuna soko la wakulima. Marafiki walinicheka, wakaniuliza nitalala saa ngapi na hizo kelele. Mimi nilizipenda. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na mlango wangu.

Ndipo mdogo wangu akaja kutoka nyumbani. Mnatujua sisi, mtu akitua tu anapewa kitanda, jaketi, simu, kila kitu, mpaka asimame. Meneja wa jengo akasema mgeni hapewi ufunguo wake mwenyewe. Na kijana alihitaji kitu cha kuonyesha anakoishi ili apate kitambulisho. Nikaomba aandikwe kwenye mkataba. Meneja, mama mmoja wa Kizungu mpole, akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu akishaandikwa mpangaji nyumba ni yake sawasawa na yangu. Nikacheka, nikamwambia huyo ni damu yangu. Wajinga tuko wengi, lakini siku hiyo nilikuwa mbele ya foleni.

Alianza na ukuta. Nikimwambia apunguze pombe ya hapo chini, anapiga ngumi ukutani mpaka vumbi linaanguka. Kisha ikawa mimi. Siku moja alinishika rasta, akaniburuta kutoka jikoni hadi mlangoni kwa sababu nilimwaga chupa yake kwenye sinki. Nilimuuma kidole mpaka nikaonja damu, sikatai, mimi si malaika. Nilipomwambia ahame, alikaa kwenye kochi langu, akanyoosha miguu.

"Sister, jina langu iko kwa lease. Ni-evict basi." Yaani jina lake liko kwenye mkataba, nimfukuze kama naweza.

Jumamosi iliyopita, mchana kweupe, nilikuwa nasukuma chapati. Soko limejaa, bendi inapiga, madirisha yako wazi. Akaja ananukia pombe, anataka funguo za gari langu. Nikamwambia, "Huwezi ku-drive hivyo, utaua mtoto wa wenyewe." Alininyang'anya ule mti wa kusukumia chapati akanipiga nao. Nilikinga uso, ukatua mkononi, nikasikia mfupa ukilia. Akainua tena. Nikashika kikaango kilichokuwa na mafuta moto, nikampiga nacho shavuni. Alipiga yowe, akaniangusha, akanikaba shingo pale sakafuni kwenye unga. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote na huko chini watu wakashangilia wimbo umeisha.

Aliyeniokoa ni jirani, mama Mkongomani wa mlango wa pili. Alipiga mlango kwa ngumi huku akiita polisi, mpaka yule akaniachia. Baadaye aliniambia, "Pardon dada yangu, miye ndjo niliita polisi. Ule muntu alikuwa anakuua."

Polisi walifika wakatukuta wote wawili tunavuja damu. Wakauliza nani anaishi hapa. Tukajibu sote wawili. Mmoja akanitoa pembeni, akaniuliza kama huyu amenipiga. Nikamwangalia mdogo wangu, shavu limebabuka, karatasi zake za kukaa Marekani bado ziko kwa wakili. Nikasema tuliteleza na mafuta jikoni. Aliniuliza tena. Nikarudia uongo uleule, mkono unaning'inia.

Sasa niko Oakdale, mji wa jirani, kwenye kochi la rafiki ninayefanya naye kazi. Meneja ameniambia hawezi kumtoa mpangaji bila yeye kukubali au bila amri ya mahakama. Nimeomba amri hiyo, na Alhamisi nasimama mbele ya hakimu. Nikisema ukweli, anatoka. Lakini wakili wake amenionya kwamba kesi ya kunipiga inaweza kumrudisha Kenya. Nikinyamaza, nyumba niliyoitafuta kwa jasho inabaki yake, au nirudi nikalale nyumba moja na mtu aliyenikaba.

Mama amepiga simu. Hakuuliza mkono unaendeleaje. Alisema, "Ukimpeleka mwanangu kortini, nikifa usije kunizika." Nilitaka kumuuliza mimi ni mwana wa nani, nikakata simu. Nina hasira na mama kuliko niliyonayo na yule mlevi, na hilo linanitisha.

Leo asubuhi mdogo wangu amenitumia picha. Ameziba matundu ya ukuta, amepika ugali na sukuma, mezani kuna sahani mbili. Ameandika, "Njoo home sister, chakula inapoa." Na mimi, mnisamehe, nikiwa na plasta mkononi na alama za vidole vyake shingoni, nilijikuta natafuta viatu.

Nimeviweka chini. Nimekaa karibu navyo tangu asubuhi. Ndugu zangu mnaosoma, nisemesheni kabla ya Alhamisi: nimwambie nini hakimu?