Sahani ya Siwema

Kwa miaka nimesema kwamba nilikula chakula kile kwa ulafi wangu. Nimesema hivyo Mitwero, nimesema hivyo kwetu Nakuru, na mume wangu husimulia kisa hicho kwenye harusi za watu. Nilidanganya. Nilikaribishwa, na aliyenikaribisha nilimwona kwa macho haya haya, miwani ikiwa usoni.

Nilikwenda Lindi kuandika makala kuhusu mambo madogo yanayomwonyesha Mkenya kwamba amevuka mpaka. Hayakukosekana. Pale Nangurukuru nilimwambia mama ntilie, "Nipe chai," akanitazama kama niliyemsukuma. Abiria mwenzangu akaninong'oneza kwamba huku watu husema naomba. Chai ikaja bila maziwa. Na salamu! Mtu anakuuliza habari za safari, za nyumbani, za watoto, kisha anasubiri kweli umjibu.

Nilifika Mitwero mchana, jua kali. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bi Somoe, mjane, lakini barazani nilimkuta msichana mwenye kanga ya buluu na kovu kidevuni.

"Karibu, mgeni. Mama kaenda msibani."

"Sasa?" nikamwambia, nikimpa mkono.

Akacheka, mkono asiupokee. "Nyie Wakenya mnasalimiana kama mna basi la kuwahi! Nimekaa kwenu, nawajua."

Akanionyesha sahani ndani, imefunikwa kwa kawa la ukindu. Ugali wa muhogo na kisamvu.

"Kula, dada. Hicho changu, ila mie nishashiba."

Nilikula. Ningefanyaje? Nilipoinua kichwa, hakuwapo.

Bi Somoe aliporudi aliitazama sahani tupu. "Nani kakupa?"

"Binti yako. Yule mwenye kovu kidevuni."

Niamini, sijawahi kuona furaha ya kutisha namna ile. Alitoka mbio bila viatu, akiita, "Siwema! Siwema, mwanangu!" Majirani ndio walionieleza: Siwema alikwenda Mombasa kufanya kazi za ndani, simu yake ikanyamaza, na kila siku mama yake humpakulia, asije akafika na njaa. Bi Somoe tulimkuta kituo cha basi, anamuuliza kila anayeshuka.

Hakukubali kurudi nyumbani. Basi nikasema nilichosema: hakukuwa na mtu, nilisikia njaa, nikafunua mwenyewe. Nikaapa.

"Mkenya kala chakula cha mwenyewe!" majirani wakacheka.

Bi Somoe hakucheka. Alirudi, akaosha sahani, na kesho yake akapakua tena.

Tangu hapo siwezi kugusa chakula nisichojua kilipakuliwa kwa ajili ya nani. Nanyi mnaosafiri, mkiulizwa na mzazi mlichokiona, msijifanye wenye busara kama mimi. Semeni.

Mwezi uliopita simu iliita. Sauti ya Bi Somoe niliitambua kabla hajajitaja.

"Mwenzake wa kazini kanipata. Siwema walimzika huko huko Mombasa, mgeni. Kabla wewe hujaja kwangu."

Nikavua miwani.

"Sikupigii nikulaumu. Niambie tu. Ulimwona?"

"Nilimwona, Bi Somoe."

"Alikuwa na njaa?"

"Hapana. Alisema ameshiba."

Nikamsikia akivuta pumzi, ndefu, kama mtu anayetua mzigo kichwani.

"Alhamdulillahi," akasema, kisha akaanza kulia.